Diani Wageni Wanapumzika, Mama wa Msambweni Je?



Huku kwetu South Coast kazi yetu kubwa ni kupumzisha watu. Tusidanganyane. Kutoka Tiwi mpaka Galu, hoteli, nyumba za kukodisha, maboti, vijana wa tuktuk, kina dada wanaofua mashuka, wote tunakula kwa sababu kuna mtu ametoka mbali kuja kupumzika. Mtu amefanya kazi ofisini miezi kumi na moja, anasema amechoka, anakuja kulala ufukweni wiki mbili. Na sisi tunamwelewa kabisa. Tunamwambia karibu, pole na safari, pumzika.

Sasa toka barabara ya lami uingie ndani. Bongwe, Mwabungo, Milalani, Vingujini. Kuna mama huko hajalala usiku mmoja mzima kwa miaka ishirini na kitu. Huyo nani anamwambia apumzike?

Namzungumzia mamangu mdogo. Mwanawe, binamu yangu, alizaliwa na mtindio wa ubongo, na juu yake ana kifafa. Maneno yake ni machache lakini anasikia, anatujua sote kwa sauti, na ukiingia na hodi ya utani anacheka mpaka machozi. Analishwa, anaogeshwa, anageuzwa usiku ili mwili usipate vidonda. Alipokuwa mdogo mamake alimbeba mgongoni. Leo ana miaka 31, ni mwanamume mzima, mzito kuliko mamake, na mamake ana miaka 58 na mgongo ulioharibika. Bado ni yeye anayembeba.

Mwaka jana mjomba wetu alifariki kule Vanga. Ni kaka yake tumbo moja. Sote tulienda matangani. Mama mdogo hakwenda, kwa sababu hakupata mtu wa kumwachia mtoto. Tuliporudi tukapita kwake kumpa pole, tukanywa chai yake, tukaondoka. Kati yetu sote, na mimi nikiwemo, hakuna hata mmoja aliyesema, "Mama, nenda wewe matangani, mimi nitabaki naye." Mimi naitwa mtetezi wa haki. Nimesimama barazani mara ngapi nikipaza sauti. Siku hiyo sikuona haki yoyote iliyovunjwa. Niliona tu ni hali yake, ndivyo alivyo siku zote.

Na tazama hapo juu nimeandika "mtoto". Ana miaka 31. Hivyo ndivyo tunavyozungumza, na ndivyo tunavyofikiri.

Jambo hili lina jina

Nchi nyengine zimelipa jina, zikaliwekea sheria na bajeti. Sisi tuliite mapumziko ya mlezi. Si jambo la ajabu. Mtu mwengine, aliyefunzwa na anayeaminika, anampokea mlezi kazi yake kwa saa chache, au siku moja, au wiki. Anaweza kuja nyumbani. Au yule mwenye ulemavu anakwenda mahali pa mchana, anakaa na wenzake, anacheza, anafanya kazi ya mikono, anarudi jioni. Mlezi naye analala, anakwenda hospitali kuangalia presha yake, anakwenda sokoni, harusini, matangani. Kisha anarudi kwa mtu wake akiwa na nguvu.

Marekani walipitisha sheria ya mapumziko ya walezi mwaka 2006, inaitwa Lifespan Respite Care Act. Uingereza, sheria yao ya Care Act ya 2014 inampa mlezi haki ya kutathminiwa mahitaji yake mwenyewe, mbali na ya yule anayemlea. Yaani serikali inatakiwa imuulize mlezi: wewe je, unaweza kuendelea? Hapa Kwale swali hilo mama mdogo hajawahi kuulizwa na ofisi yoyote tangu binamu yangu azaliwe.

Kuna atakayesema hayo ni mambo ya Wazungu. Sawa. Basi tuzungumzie sheria yetu.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 28 cha mkataba huo kinazitaka serikali zizisaidie familia maskini zenye mtu mwenye ulemavu, na katika orodha ya misaada hiyo yametajwa mafunzo, ushauri nasaha, pesa, na mapumziko ya mlezi. Yametajwa waziwazi. Nayo Katiba yetu ya 2010, Kifungu 2(6), imesema mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria ya Kenya. Kifungu 43 kinampa kila mtu haki ya afya na kinaitaka dola iwakimu wasioweza kujikimu pamoja na wanaowategemea. Kifungu 54 kinazungumzia heshima ya mtu mwenye ulemavu.

Kwa hiyo mama wa Msambweni haombi fadhila. Anadai kitu ambacho serikali ilikitia sahihi.

Shilingi 66 kwa siku

Sasa tuone serikali inampa nini.

Kuna Inua Jamii. Ule mpango wa watu wenye ulemavu mkubwa ulianza 2011. Sikiliza masharti yake: unalenga mtu ambaye ulemavu wake unamfanya ahitaji mlezi wa kudumu, wa kuwa naye kila wakati. Yaani serikali yenyewe imeandika katika masharti yake kwamba katika nyumba hii kuna mtu anayefanya kazi mchana na usiku. Inajua. Haiwezi kusema haikuambiwa.

Halafu inaipa nyumba hiyo shilingi 2,000 kwa mwezi. Piga hesabu na simu yako. Ni kama shilingi 66 kwa siku. Gawanya kwa saa 24, haifiki shilingi tatu kwa saa. Pesa hizo ni za yule mwenye ulemavu, za chakula chake, sabuni yake, pampas za mtu mzima ambazo bei yake tunaijua. Ya mlezi haimo. Na kiwango hicho kimebaki palepale zaidi ya miaka kumi, huku unga, mafuta na nauli ya kwenda Ukunda vikipanda kila mwaka. Tena hao ni waliobahatika kuorodheshwa. Pesa zenyewe zikichelewa, hakuna wa kuulizwa.

Kuna msamaha wa kodi pia. Mtu mwenye ulemavu aliye na cheti hakatwi kodi ya mapato kwenye mshahara wake mpaka 150,000 kwa mwezi. Mashallah. Binamu yangu hajawahi kupata mshahara wa shilingi moja. Mamake alikuwa akisuka makuti na kuuza mahamri, akaacha kwa sababu huwezi kuchoma mahamri na huku unamchunga mtu asianguke na kifafa karibu na jiko. Huo msamaha utamsamehe nini?

Mwaka 2025 tumepata sheria mpya ya watu wenye ulemavu, imechukua nafasi ya ile ya 2003. Ni jambo la heri na walioipigania wanastahili shukrani. Lakini sheria haigeuzi mtu usiku kitandani. Mpaka kuwe na mtu aliyeajiriwa, mahali palipofunguliwa na pesa iliyotengwa, sheria ni karatasi.

Akifika 18 anasahauliwa

Mtoto mwenye ulemavu wa akili au usonji akiwa na bahati hupata darasa maalum katika shule ya msingi. Wengine huvuka feri kwenda shule za Mombasa. Kule angalau kuna mwalimu, kuna saa tano au sita ambazo mama anaweza kufanya kibarua. Kisha umri unapita, shule inamalizana naye, na anarudi nyumbani kukaa. Nguvu zake zinazidi, za mamake zinapungua. Hapo ndipo msaada ulitakiwa kuongezeka, na ndipo unapokatika kabisa.

Tunajua kinachofuata, tusijifanye wageni. Mama ana shamba la kulima, hana wa kumwachia, anafunga mlango kwa nje. Au anamfunga kamba mguuni kwenye mkorosho. Mwaka 2011 shirika la habari la CNN lilionyesha filamu kuhusu Wakenya waliofungiwa majumbani hivyo, nchi nzima ikashtuka, viongozi wakasema maneno mazuri. Miaka imepita na kamba bado ziko.

Nisieleweke vibaya. Kumfunga binadamu kamba ni dhulma, hata kama aliyemfunga analia. Lakini kabla hujapiga picha ya ile kamba ukaiweka mtandaoni na kumtukana yule mama, jiulize wewe uliwahi kwenda kukaa saa mbili ili yeye aende shambani bila kamba. Kama kijiji kizima hakijawahi, basi kamba ile tumeifunga sote.

Na kuna dada. Kila mara kuna dada. Msichana wa miaka kumi na tano anayeambiwa abaki nyumbani leo amwangalie kakake, na kesho, na wiki ijayo, mpaka shule inamsahau. Wavulana hawaambiwi. Na wababa, samahanini wazee wangu, wengi wenu mliondoka mapema. Mlisema mama ndiye aliyezaa hivyo. Mkaoa kwengine.

"Subira, mama, utalipwa"

Hili ndilo jibu letu sisi Waislamu, na nataka tulizungumzie kwa adabu lakini bila kuogopana.

Kweli, malipo yako kwa Mwenyezi Mungu. Lakini subira ni ibada ya mwenye mtihani. Jirani yake hakupewa subira ya kumsubiria, amepewa wajibu. Ukimwambia mtu mwenye njaa asubiri, huku sufuria yako imejaa, hujamnasihi, umemnyima kwa maneno matamu.

Sote tumesoma madrasa kisa cha Salman na Abu Dardaa. Abu Dardaa alizidisha ibada, mchana kufunga na usiku kusimama, mpaka Salman akamzuia, akamkumbusha kwamba mwili wake na watu wa nyumbani kwake nao wana haki zao. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsadiki Salman. Kama mtu alizuiwa kujichosha hivyo kwa swala, ambayo ni nguzo, sisi ni nani tuone ni sawa mama ajichoshe mpaka avunjike mgongo na tumwite mcha Mungu?

Jengine ni ile kauli kwamba huyu kalamu imeinuliwa kwake, hana taklifu. Ni kweli kisheria. Lakini tumeigeuza kuwa sababu ya kumsahau. Haletwi madrasa kwa kuwa hana taklifu. Haletwi msikitini Idi kwa kuwa atapiga kelele. Ndugu zangu, kalamu imeinuliwa kwake yeye. Kwetu sisi bado inaandika.

Na kama kuna anayedhani dola kulipia msaidizi ni fikra za kisasa, asome historia yake mwenyewe. Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala Damascus kuanzia 705 hadi 715, wanahistoria akina Tabari wameandika kwamba alimwekea kila kiwete asiyejiweza mtumishi, na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Simsifu kwa yote aliyoyafanya. Nasema tu, miaka 1,300 iliyopita mtawala wa Kiislamu alielewa kwamba mzigo huu si wa nyumba moja. Leo kaunti yenye gavana, wabunge wa kaunti, magari na kompyuta inashindwa na nini?

"Kaunti haina pesa"

Tulisikia hivyo pia kuhusu masomo. Kaunti ya Kwale ilipoamua kwamba elimu ni jambo la dharura, ukaja mpango wa Elimu ni Sasa, na watoto wa maskini wakalipiwa karo mpaka vyuo vikuu. Wengi mnaosoma hapa ni matunda ya mpango huo. Kwa hiyo uamuzi ukiwepo pesa hutafutwa.

Wala hatuombi jumba la ghorofa. Kwa kweli jumba silitaki. Sitaki mahali pa ukuta mrefu ambapo watu wazima wenye ulemavu watapelekwa, wafungiwe, na familia zisahau njia ya kurudi. Nchi zilizojenga majumba hayo zimetumia miaka mingi kuyavunja, kwa sababu ya mateso yaliyokuwa yakifanyika ndani. Tunachodai ni hiki:

Kwanza, kila kaunti ndogo, Msambweni, Lunga Lunga, Matuga na Kinango, iwe na mahali pa mchana hata siku mbili kwa wiki. Chekechea na malezi ya watoto ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, na madarasa ya chekechea mengi husimama matupu mchana watoto wakisharudi nyumbani. Kuta ziko. Yanahitajika vyoo vya kuingia kiti cha magurudumu, magodoro, watu wawili watatu wa kulipwa, na nauli.

Pili, wafunzwe watu wa kuja nyumbani. Tuna wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita mlango kwa mlango. Wanajua nyumba zote. Wachache kati yao wafundishwe kazi hii na walipwe kwa kazi hii. Ile posho yao ya 5,000 kwa mwezi tayari ina kazi zake, tusiwabebeshe nyengine bure.

Tatu, ihesabiwe. Sensa ya 2019 ilisema wenye ulemavu Kenya ni asilimia 2.2 tu, wakati utafiti wa kitaifa wa 2007/2008 ulipata asilimia 4.6. Watu hawakupungua. Mtu aliyefichwa chumba cha nyuma hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi bajeti.

Nne, wenyewe waulizwe. Binamu yangu si mzigo wa kupokezana kama gunia. Naye amechoka kuona ukuta uleule na uso uleule kwa miaka 31. Naye anataka kutoka, kuona bahari, kukaa na vijana wenzake. Mapumziko ni yake pia.

Haya yote yana mahali pa kusemwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hutakiwa ufike bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Taarifa ya sera ya fedha, mwisho wa Februari. Makadirio ya bajeti, mwisho wa Aprili. Kila hatua kuna maoni ya umma. Tunavijua vile vikao, wanaokwenda ni walewale, wanapewa soda, wanasaini. Mama mdogo hawezi kwenda kwa sababu hana wa kumwachia mtu wake. Hapo ndipo unaona ukatili wenyewe: anayehitaji zaidi kusikika ndiye asiyeweza kutoka nyumbani kuja kusema. Basi twende sisi, na siku hiyo wengine wetu wabaki kwake ili naye aje.

Na sisi tuanze Jumamosi

Sitaki umalize kusoma ubonyeze kidole cha kupenda, kisha basi. Wala sitaki twende na fulana zilizochapishwa, tupige picha tukikabidhi pakiti ya unga. Picha za walemavu tumechoka nazo. Mtu mzima haogeshwi mbele ya kamera.

Hesabu yangu ni hii. Msikiti mmoja wenye vijana ishirini. Gawa wawili wawili, ni jozi kumi. Kila Jumamosi jozi moja inakwenda nyumba moja saa nne. Kila jozi itafikiwa na zamu mara moja kila wiki kumi. Mara tano kwa mwaka. Kuna mtu hapa hawezi kutoa mchana mara tano kwa mwaka? Mechi za Ligi ya Uingereza tunatoa saa ngapi?

Masharti yawe magumu. Msiende peke yenu hata siku moja, wawili daima. Wanaume kwa mwanamume, wanawake kwa mwanamke. Mkakae kwanza na mama yupo, mara tatu nne, mpaka yule mwenyewe awazoee na akubali. Mfundishwe na mama, yeye ndiye profesa: analishwaje, anaogopa nini, akitaka maji hufanya ishara gani. Kama ana kifafa, mjue la kufanya: mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, angalia saa, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshikilie kwa nguvu, na mtetemeko ukipita dakika tano tafuta hospitali haraka. Simu mfukoni, hakuna picha. Na atakayemdhuru mtu wa watu, polisi, hakuna kumalizana kifamilia.

Hii haiondoi deni la serikali. Vijana wa kujitolea si badala ya huduma inayolipwa, na kiongozi atakayekuja kutupongeza ili asitenge pesa, tumjibu hapohapo. Tunaanza kwa sababu mgongo wa mama mdogo hausubiri Septemba.

Mimi nilianza. Nilikwenda kwake baada ya Ramadhani, nikamwambia, mama, leo nimekuja kubaki. Hakunielewa. Akauliza kama kuna msiba. Nilipomweleza akakaa kimya, kisha akasema hajui aende wapi. Miaka 31, mtu amepewa saa nne na hajui pa kwenda. Mwishowe akaingia chumba cha pili, akalala mpaka alasiri. Sisi wawili tuliobaki na binamu yangu tulicheka naye, tukamlisha vibaya, tukachafua mkeka, tukaosha.

Alipoamka alituuliza, "Mtarudi?"

Swali hilo nimekuja nalo kwenu. Andika jina la msikiti wako na mtaa wako hapo chini. Na wewe MCA unayepita hapa kimyakimya, andika lako pia.